Goti la Kijana wa Steshenari

Kijana wa steshenari pale Kibiti, anayewaombea watu vyuo kwenye kompyuta, hajui kutulia. Goti lake linatikisika mpaka meza inatembea. Wallahi, asubuhi ipo mlangoni, jioni imefika Utete. Vidole vyake vinakimbia kama kaa aliyeona kivuli cha korongo. Akimaliza anaita, "Anayefuata!" hata kama hakuna mtu.

Nilimpeleka mjukuu wangu Kudra, aliyesoma juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, huku akifukuza nguruwe wasile mpunga. Kijana akafika pahala, goti likasimama. "Bibi, kuna nafasi za wasichana wa sayansi. Alama zake ni pungufu kidogo, lakini nikibonyeza hapa anaweza kupita."

"Wanabebwa tu hao," akadakia Mshamu kwenye foleni, akamgeukia kijana. "Kaka, si nafasi hizo ndizo zilizokutupa nje ya chuo mwaka jana? Na huyu umemzidi alama!"

"Njoo ubebwe na wewe," nikamwambia. "Dungu liko wazi, nguruwe wanakusubiri."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Kidole kilining'inia juu ya kitufe, nami nikaishika bakora yangu vizuri.

"Unaomba udaktari?" akamuuliza Kudra.

"Ndiyo, kaka."

"Hata mimi. Mwaka huu tena."

Akabonyeza. Goti likaanza upya, meza ikashika njia ya Utete. "Anayefuata!" akaita, na sisi bado tumekaa.