Chupa ya Matone ya Kapteni

Ndugu zangu, kabla sijashukuru nitafoka kwanza. Mnivumilie.

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa wa pool, ule mchezo wa mezani wa kugonga mipira kwa fimbo, Singida mjini. Jicho langu la kulia ndilo lililolisha nyumba. Wakati wa mavuno nilikwenda kwetu Iguguno kusaidia kupiga alizeti. Tunazitandaza juu ya turubai na kuzipiga kwa fimbo. Kipande cha ganda kikaruka, kikanichoma jicho lile lile.

Kesho yake nilirudi mjini likiwa jekundu, linatiririka machozi. Mke wangu, Mama Nuru, akasema, "Twende hospitali."

Hamisi, kapteni wa timu yetu ya pool, alimcheka. Mashindano yalikuwa karibu. Akaleta chupa ya matone iliyobaki nyumbani kwake, maana kwetu dawa ya macho haitupwi, inazunguka mtaa mzima. "Weka haya, yalimponya shemeji yangu. Mwanaume mzima unalia kwa ganda la alizeti!"

Wekundu ulipungua. Nikacheza, tukashinda, wakanibeba juu. Lakini maumivu yalipanda mpaka kichwani. Usaha uligandisha kope. Katikati ya jicho pakatokea doa jeupe. Mama Nuru hakuniuliza tena, aliita bodaboda.

Nilimwamkia daktari shikamoo. Alipoiona ile chupa, marahaba akaisahau. "Nani kakupa hii? Una kidonda cha fangasi! Hii inaficha wekundu tu, kidonda kinaendelea kula!"

Nilitibiwa kwa wiki nyingi. Nilijifunza upya hata kumimina chai bila kuimwaga mezani. Jicho halikung'olewa, namshukuru Mungu, daktari na mke wangu. Lakini halioni, na kazi yangu ilikufa. Hamisi hakuja kunijulia hali. Alitafuta mchezaji mwingine, mimi akanibatiza jina la Chongo. Inaniuma mpaka leo, na msiniambie nisamehe.

Juzi alibisha hodi kwangu, jicho jekundu. "Kaka, huna matone yaliyobaki?"

Yaliyobaki! Nikamshika ukosi, nikampakia kwenye bodaboda, nikapanda nyuma yake. Nilimtukana njia nzima mpaka mlangoni kwa daktari.

Sasa napiga alizeti nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea. Nanyi vaeni. Jicho likiuma, usiombe matone kwa jirani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa wa kukusindikiza niite mimi, hata kama ni wewe unayeniita Chongo.