Siku Baba Alipopanda Mtumbwi

Enzi zetu, sisi watoto wa milimani Kasulu, kutembea kulikuwa ni kwenda kuona kitu kwa macho yako na kurudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa na Bwawa la Mapadri, mbele ya Kabanga, na mtoto aliyeliona alirudi kijijini kwetu Titye akiwa mtu mkubwa. Wiki nzima hakuna aliyemshinda kusimulia.

Lilikuwa ziwa la kuchimbwa. Babu zetu walibeba udongo kwa vikapu wakaziba bonde, ili mapadri wapate maji ya kuzungusha mashine ya kusaga. Sisi tulilikuta limeshazeeka, lina mayungiyungi na bata. Asiyeambiwa angedhani Mungu mwenyewe ndiye aliyeliweka pale.

Aliyeanzisha safari yetu ni Shangazi Veneranda, mdogo wake baba, aliyekuwa akikaa nasi. Ilikuwa miaka ya sabini. Mtu mmoja wa Munanila, mwenye kahawa nyingi, alikuwa ameshatuma wazee kumposa, na baba alimpenda. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alisonga ugali wa muhogo huku anatazama mlangoni, mpaka unashika chini, nasi tukala ukoko bila kuuliza. Jioni moja akasema, "Kaka, watoto hawa hawajaliona bwawa. Niwapeleke Jumamosi."

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. "Jambo jema," akajibu. "Nami nitakuja."

Shangazi aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mama alitufungia mihogo ya kuchemsha na samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, ndani ya jani la mgomba. Baba alisukuma baiskeli, mdogo wangu Skola akiwa kwenye keria kama malkia. Kila mzee tuliyekutana naye ilibidi tumwamkie kwa Kiha, "Mwakeye," tukiinama na kupiga makofi taratibu, kisha tuulizane habari za nyumba, za ng'ombe, za maharage, mpaka njia fupi ikawa ndefu. Vijana wa leo wanakuinulia kidole kimoja, nyaya ziko masikioni, nawe hujui umesalimiwa au umefukuzwa.

Tuliona tanuri la zamani la matofali, jani limeota mdomoni mwake. Tuliona gurudumu la maji likizunguka polepole, likilia kama mtu anayeota ndoto nzuri. Tulipiga magoti kwenye Pango la Bikira Maria, chini ya mikaratusi iliyonukia kama dawa ya kifua. Kisha miti ikaachana, na bwawa likatokea. Nilikuwa sijawahi kuona anga limelazwa chini.

Kijana mmoja alikuwa anafyeka matete ukingoni. Aliitwa Melkiori, ndiye aliyetunza bwawa na kufungua mlango wa maji. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na wakimbizi miaka michache nyuma. Alipomwona shangazi, uso wake ulifunguka. Alipomwona baba, akavua kofia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shangazi alikuwa akimpeleka bibi yetu hospitali ya Kabanga hata siku ambazo bibi mwenyewe alisema hajambo.

Baba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akautazama mtumbwi uliofungwa ukingoni.

"Huu mtumbwi unatubeba sote?"

"Unatubeba, mzee, tukitulia."

Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka maji yaliyopita magoti, akapanda.

Tuliteleza kati ya mayungiyungi. Hakukuwa na sauti ila kasia na matone yake. Mawingu yalipita chini yetu, na Skola alijaribu kuyashika.

"Baba, unaogopa?" akauliza, maana baba alikuwa ameng'ang'ania kingo zote mbili.

"Nashikilia mtumbwi usitukimbie."

Tulipofika katikati, baba akamgeukia Melkiori. "Wewe ni wa wapi?" Aliuliza kwa Kiswahili, kile chake cha ofisini.

Melkiori alijibu kwa Kirundi, nasi tulielewa kila neno, maana Kirundi na Kiha vimetoka tumbo moja. Alitaja kilima cha kwao. Alimtaja mama yake, aliyevuka naye. Wengine hakuwataja. Baba naye akaacha Kiswahili.

"Mtu akija kuposa huja na wazee wake," alisema kwa lugha yetu. "Wewe utakuja na nani?"

Kasia likasimama. "Na mama yangu, mzee. Sina mwingine."

Baba akanyamaza. Mtumbwi ulizunguka wenyewe, polepole, kama jani. Shangazi alikuwa amekunja upindo wa kitenge chake mkononi, anatazama maji. Nilitamani mtu yeyote aseme chochote.

"Turudishe," baba akasema.

Machozi yalimtoka shangazi, akayaacha yadondoke. Tulipofika nchi kavu, baba alinawa uso, akaenda kushughulika na mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa umekatika. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mama yako anaweza kutembea mpaka Titye?"

"Anaweza, mzee. Alitembea kutoka Burundi."

"Basi aje. Anatosha."

Ile migebuka tuliyokula siku hiyo, sijapata tena kuonja samaki kama wale. Mtu wa Munanila alipelekewa jibu kwa heshima, akaoa kwingine. Siku ya harusi, mama yake Melkiori aliingia kanisani peke yake, na wanawake wa Titye wakamfuata wakipiga vigelegele, wakawa ndio ukoo wake.

Nilipita kule karibuni. Bwawa limejaa tope, gurudumu limeota kutu. Vijana hufika kwa bodaboda, wanayapa maji mgongo, wanajipiga picha, wanaondoka kabla upepo haujawagusa. Mjukuu wangu ameposwa kwa simu, akajibu kwa kipicha cha moyo kabla chai yangu haijapoa. Nilicheka naye. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Wasichana wengi waliozwa bila kuulizwa. Ila natamani naye angalau mara moja angemwona mtu mzima amekaa kimya katikati ya maji, watu wote wanamsubiri, hakuna anayemharakisha, mpaka moyo wake ugeuke.