Boliti Tatu Kwenye Feni

Niliulizwa mara moja tu, nikajibu, "Naweza." Neno hilo moja ndilo ningelirudisha kinywani leo, kama maneno yangekuwa yanarudi. Tajiri mwenye lori alisimama mbele yangu, kofia mkononi, na nyuma yake umati wa wakulima ukinitazama. Swali lake lilikuwa jepesi: feni ya lori lake inaweza kufungwa kwa boliti, izunguke moja kwa moja na injini? Inaweza. Fundi yeyote anaweza kuifunga. Nilichopaswa kusema ni kwamba mimi siifungi.

Juma lililopita nilikwenda Bariadi kufuatilia karatasi zangu za kiwanja. Nikapita pale lilipokuwa banda la mjomba. Siku hizi ni kijiwe cha bodaboda, na vijana wa pale hawajui kwamba udongo wanaoukanyaga umenyweshwa oili miaka na miaka. Nikiwa nimesimama, likapita lori la mzigo, feni yake ikivuma. Ukishausikia mvumo wa feni iliyofungwa, ndugu yangu, huusahau. Unapanda na kushuka pamoja na injini, haupumziki hata kidogo. Nikaomba benchi nikaketi.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu, mjomba akaja Sapiwi kwa baiskeli, akanipakia nyuma na kigunia changu cha nguo, akanileta Bariadi. Wakati huo alikuwa fundi katika gereji ya ushirika. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na michembe iliyochemshwa, vile viazi vikavu ambavyo mama alituletea kila msimu, na mjomba alitafuna polepole huku akiniuliza jedwali la kuzidisha. Jumamosi alinichukua gerejini. Kazi yangu ilikuwa kuosha nati kwa mafuta ya taa na kuzipanga kwa ukubwa juu ya gunia. Harufu ile ya mafuta ya taa, oili na vumbi la pamba ndiyo harufu ya utoto wangu. Nikiikuta mahali popote, naikuta na sauti yake: "Injini ikichemsha usiilaumu. Iulize."

Alinisomesha hadi kidato cha nne. Nilipomaliza, ajira hazikuwepo, nikarudi kwake kujifunza kazi. Tukafanya kazi pamoja miaka kadhaa, mpaka ushirika ukadhoofu, gereji ikafungwa, mafundi wakarudishwa nyumbani. Mjomba akajenga banda lake la mabati. Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi wa pamba, na mji ukajaa sura mpya na malori ya mtumba ambayo hatukuyajua. Malori ya ushirika yalikuwa na feni iliyokazwa, ikizunguka wakati wote. Haya mapya yalikuwa na klachi katikati ya feni, duara kama sahani nene, lenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa baridi klachi inaiachia feni, ikipata moto inaishika. Mafundi wengi wa kwetu waliiona ni ugonjwa. Feni inayoteleza, ya kazi gani?

Msimu huo wa kwanza tajiri mmoja alinunua pamba pale Sapiwi, na lori lake lilikuwa moja tu, lenye pua ndefu mbele. Likaanza kuchemsha. Likiwa tupu linakwenda vizuri, likipakiwa na kutambaa kwenye barabara mbovu, maji yanaruka. Wakaitwa mafundi, wakazibua rejeta. Wakaitwa wengine, wakatoa thamostati, kizibo cha maji ya injini, wakaitupa vichakani. Bado likachemsha. Mwishowe akaitwa mjomba, nami nikafuatana naye.

Tulikuta ghala limejaa hadi mlangoni. Lori lisipoondoa pamba iliyonunuliwa, mizani haifunguliwi, na mizani isipofunguliwa mkulima haondoki. Uwanja mzima, ndani ya uzio wa minyaa, ulikuwa watu na marobota yao. Ukiacha lako unakuta mbuzi wamelila au mwenzako amechukua nafasi yako. Walikuwa wamelala pale siku sita. Wanawake walipika humohumo, watoto waliumwa humohumo, na upepo wa kiangazi ulichukua nyuzi za pamba ukazitundika kwenye minyaa hadi ukadhani imeota mvi. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, ameketi juu ya pamba yake na goti lake bovu limenyooshwa mbele.

"Mwangaluka, kaka," akamsalimu mjomba. "Mtutoe humu. Hata jela wana siku ya kutoka."

Mjomba hakuwa na haraka. Akaagiza lori liungurume mpaka mshale wa joto upande, likazimwa, akafungua boneti akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka, kama pia ya mtoto.

"Umeona?" akaniambia. "Ikiwa moto hivi inatakiwa inigomee. Hii inazunguka kwa hisani tu." Akapitisha kitambaa usoni mwa klachi, kikatoka na vumbi lililoshikana na mafuta. "Mafuta yake ya ndani yamevuja. Haishiki tena. Hapa ni klachi nyingine tu."

Tajiri akasema, "Si uikaze tu, mzee? Ya ushirika yalikuwa yamekazwa."

"Ya ushirika yalikuwa na feni ya chuma, bwana. Hii ni plastiki, na imezeeka. Ukiifunga izunguke na injini kwa nguvu zote, siku moja itaruka. Haraka ya tajiri si haraka ya chuma."

Akapanda baiskeli yake kwenda Bariadi, apate basi la Mwanza asubuhi, akatafute klachi kwa wauza spea chakavu. Siku tatu, alisema. Mimi akaniacha nilinde vifaa. "Usiiguse mpaka nirudi, mpwa wangu."

Siku ya kwanza watu walivumilia. Siku ya pili mtoto mmoja aliharisha mpaka macho yakazama, na mama yake akawa anatembea naye kutoka pembe hii ya uzio hadi ile. Wanaume wakaanza kunichokoza. "Fundi msomi, kazi yako ni kulinda spana zisikimbie?" Mwingine akasema, "Mwacheni, anangoja mjomba wake amkatie nyama." Wakacheka, nami nikacheka nao, kicheko kibaya. Jioni mama akaniita.

"Ng'wanawane," akasema, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo, "mwanangu, mjomba wako hayupo. Wewe si umesoma?"

Asubuhi tajiri akaja na swali lake. Akaongeza kwamba anatafuta fundi wa kudumu wa malori atakayonunua, na kwamba hataki wazee. Nikasema naweza.

Nilitoboa klachi kwa drili ya mkono, mahali patatu, nikapitisha boliti tatu nikazikaza. Ilikuwa kazi safi, sitasema uongo. Nilipokuwa nafuta feni kwa kitambaa, nikaona kwenye shina la panga moja ufa mwembamba kama unywele. Nikauweka ukucha ndani yake, ukaingia. Nikainua macho. Watu walikuwa wameshaanza kupakia, wakiimba, mama akipiga makofi kwa kufuata wimbo. Nikafunga boneti.

Lori lilikwenda Bariadi likarudi, halikuchemsha. Likaenda tena. Mizani ikafunguliwa, uwanja ukaanza kupumua, yule mtoto akapelekwa zahanati. Wakanipa kuku, wakaniita fundi mkuu. Nami, ndugu yangu, nilikuwa na raha na hofu kwa pamoja. Kila lori lilipoungurumishwa nilisogea nyuma ya nguzo ya ghala. Nilikuwa najua, na kila saa iliyopita bila kusema ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Mjomba akafika kesho yake, mavumbi hadi kwenye nyusi, klachi ameifunga kwenye kanga ya mkewe. Akawakuta wanapakia. Tajiri akamcheka: "Mzee, umekwenda Mwanza kununua kisu, mpwa wako ameshachinja!"

Nilitazamia anigombeze. Hakunigombeza. Akaweka mzigo wake chini, akasema kwa upole, "Basi tuisikilize. Nahofia pampu ya maji, feni iliyofungwa inaielemea." Akafungua boneti, akainama, sikio upande wa feni. "Ingia ndani. Piga resi."

Nikapanda. Mguu wangu ukawa juu ya pedeli. Kupitia upenyo wa chini ya boneti niliiona kofia yake ya pamba. Ilitosha kusema, "Mjomba, sogea, panga lina ufa." Maneno hayo hayafiki hata kumi. Lakini tajiri alikuwa amesimama pale, na wale waliocheka walikuwa pale, na mama. Nikajiambia limeshakwenda Bariadi mara mbili, litahimili mara hii.

"Ongeza," akasema mjomba. Nikaongeza.

Mlio wenyewe ulikuwa mfupi, kama tawi kavu. Nilipofika mbele alikuwa amekaa chini, mikono usoni, damu ikipita katikati ya vidole, na rejeta ikimwaga maji ya moto. Lori lilikuwa moja tu, na sasa nalo halikwenda. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe juu ya pamba ya mama, tukawaswaga ng'ombe taratibu hadi barabara kuu, jua likituwakia, mama akimshika mkono kaka yake wala hanitazami. Tulisubiri gari mpaka vivuli vikarefuka.

Jicho la kulia lilikuwa limepasuka palepale. La kushoto hospitali walituambia limepona, lakini baada ya miezi michache nalo likaanza kufifia, mpaka likazimika. Madaktari walisema hutokea.

Ile klachi ya Mwanza niliifunga mimi, kwenye lori lililopata feni nyingine, na lilifanya kazi vizuri msimu ule na uliofuata. Kazi ya tajiri niliikataa, kana kwamba kukataa kulikuwa na maana tena. Nikaliendesha banda la mjomba. Naye alikaa mlangoni kila siku kwenye kiti chake cha kamba, akisalimiana na wapita njia, na kila aliyemuuliza habari ya macho alipewa jibu lilelile: "Kosa ni langu mwenyewe. Kijana alifanya kazi safi. Ni mimi niliyeinama, ni mimi niliyesema ongeza."

Nilimsikia akisema hivyo mbele ya wateja, mbele ya mchungaji, mbele ya watoto wangu. Mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie habari ya ule ufa. Nilimletea chai, nilimkata kucha, nilimsomea gazeti, nikafunga kinywa. Siku aliyofariki alimwambia mama kwamba nisijilaumu.

Gereji ya ushirika haipo, banda halipo, uwanja wa Sapiwi umekuwa mashamba, mama naye ametangulia. Hivyo vingeondoka tu, hata ningekataa. Neno lile lilimgharimu mjomba macho yake mawili, na jina lake la ufundi, ambalo alilikana mwenyewe ili kunilinda. Mimi lilinigharimu mjomba. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na hakuna hata siku moja niliyoketi naye bila kumdanganya.