Fundi Akikanyaga Breki

Ugomvi wenyewe ulizuka kwenye kona ya mwisho ya barabara isiyokuwepo popote duniani. Fundi wa mafriji, ambaye kila Jumamosi jioni huwakusanya watu wazima wenye akili zao timamu washindane magari kwenye kompyuta, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na usukani umefungwa mezani, alimgonga kaka yake kwa nyuma, akampeleka mchangani, akashinda. Kaka mtu, kinyozi, akapiga simu palepale kudai aombwe radhi. Mkubwa hagongwi na mdogo wake, alisema, hata kama gari ni la kwenye kioo. Fundi, kichwa kikiwa bado kimevimba kwa ushindi, akamjibu kwamba barabarani hakuna kaka. Basi wakanuniana, na nyumba zao zimeshikana, zinagawana ukuta mmoja.

Kiburi kina gharama zake. Fundi hakutaka kukanyaga kwa kinyozi mwingine, maana huo ungekuwa usaliti, na kwa kaka yake haendi, kwa hiyo nywele zikaota hadi wateja wakawa wanamchungulia kwanza dirishani kabla ya kumfungulia mlango. Kinyozi naye friji yake ilikufa, akakataa kuguswa na fundi mwingine, akawa anakunywa maji ya uvuguvugu kwa heshima zote. Mama yao, ambaye hulala kwa mkubwa na kushinda kwa mdogo, alisema amezaa wanaume wawili wakapata akili moja, na hata hiyo wameshindwa kuitumia kwa zamu.

Lakini Jumamosi ikifika, wote wawili walikuwepo. Hapo ndipo mahali pekee walipobaki kuonana. Fundi hakumwambia mtu, ila juma zima alikuwa akingoja kuliona lile gari jekundu la kaka yake likijipanga kwenye mstari wa kuanzia. Likishajipanga, roho yake hutulia.

Na mbio zile zilikuwa kazi. Kwenye grupu lao Fundi ndiye mganga: mtu akikwama, picha ikiganda, gari likipaa angani lenyewe, anaitwa yeye. Alimponya daktari wa meno kwa kugundua kwamba mke wa daktari ameificha ruta, kile kisanduku cha kuleta mtandao, ndani ya kabati la masufuria ili isiharibu sura ya sebule. Mwalimu wa udereva alimhangaisha mno, kwa sababu gari lake lilikuwa likipunguza mwendo bila sababu na kusimama. Fundi alibadilisha kila kinachobadilika kabla ya kubaini kwamba mtandao hauna kosa: mwalimu alikuwa akiwasha taa ya kuashiria na kuwapisha watembea kwa miguu ambao huenda wangetokea. Na sheria ya grupu, aliyoitunga Fundi mwenyewe, ni kwamba hakuna kumwacha mtu. Akikatika mmoja mtandaoni, mbio zinaanza upya.

Sheria hiyo ndiyo iliyomtokea puani. Tangu Fundi aachane na kigoda akajitengenezea kiti cha fahari, kiti halisi cha gari alichokitoa gereji na kukipigilia kwenye mbao, kaka yake akawa anakatika kila mbio, kona ya kwanza. Wanaanza, wanafika konani, gari jekundu linatoweka. Fundi anainuka kukagua mitambo yake, haoni kosa. Kaka anarudi. Wanaanza tena, anatoweka tena. Jumamosi nzima watu wazima walikuwa wakienda mpaka kona ya kwanza na kurudi.

Kwa kuwa ndugu hawasemeshani, tiba ilipitia kwa mwalimu wa udereva. Fundi anamwambia mwalimu, mwambie azime kisha awashe. Mwalimu anampigia kinyozi, kinyozi anazima kompyuta na kuiwasha. Ukutani Fundi alisikia kila kitu, hata kiti cha kaka yake kikilia, lakini alisubiri aletewe majibu kwa simu. Wengine kwenye grupu walikumbuka kwamba ndugu wakigombana mtu huchukua jembe akalime, wakanyamaza.

Jumamosi hii kinyozi alituma salamu kabla hata ya kuanza. Mwalimu alizifikisha kwa sauti ya kusoma alama za barabarani.

"Anasema unamkata makusudi. Akikatika tena leo, anatoka kwenye grupu, na usukani anamwachia mama afunikie mtungi."

Fundi aliogopa. Aliogopa hasa. Mtu akishatoka kwenye grupu wataonana wapi tena, na wanaishi jirani? Wakaanza mbio. Akaomba kimoyomoyo, akafika kona ya kwanza, akakanyaga breki. Gari jekundu likatoweka. Nyuma ya ukuta mtu alipiga meza kofi.

Fundi akamkamata mwalimu kwenye simu kabla kaka hajabonyeza kitufe cha kuaga. Kwa kuwa dawa zote zimekwisha, aliuliza swali ambalo mganga yeyote angeanza nalo: ruta yake inawaka taa ya rangi gani? Mwalimu akampigia kinyozi, akarudi.

"Anasema ruta hana."

Mtu anaingiaje mtandaoni bila ruta? Fundi akageuka, akainama nyuma ya kile kiti cha fahari. Chini ya ukuta palikuwa na tundu walilolitoboa wenyewe zamani za kupatana, na ndani yake ulipita waya kutoka kwenye ruta yake hadi kwa kaka. Alikuwa ameshausahau. Aliamini mtu mwenye hasira zile amekwisha vuta waya wake. Akikanyaga breki, kiti kilirudi nyuma na kuubana waya. Akiinuka kukagua, kiti kiliuachia. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Fundi alikuwa amekikalia.

Akalala kifudifudi, nywele zikafagia sakafu, akaweka mdomo tunduni.

"Kaka. Ni kiti changu. Kinaubana waya."

Sauti ikaja kwa chini, maana na mwenzake alikuwa amelala sakafuni.

"Na ile siku ulinigonga."

"Nilikugonga. Nisamehe, kaka."

Fundi akasema kesho atamvutia waya wake mwenyewe, mpya, usiokanyagwa na mtu.

"Huu uache," kaka alisema. "Kwa nini unadhani sikuvuta mwingine?"

Fundi alibaki pale chini, macho yakimwasha, akasingizia vumbi. Kisha akainuka, akasogeza kiti mbali na ukuta, akawaomba radhi wote kwenye grupu na kutangaza kwamba mbio zinaanza upya.

Walifika kona ya kwanza. Akakanyaga breki, na gari jekundu halikutoweka. Lilikuja nyuma yake kwa kasi yote liliyokuwa nayo, likamgonga, likampeleka mchangani hadi kwenye matairi, huku ukuta ukicheka. Mwalimu wa udereva, aliyeshuhudia yote akiwa amesimama na taa zinamweta, alidai mkosaji aadhibiwe kwa mujibu wa sheria.

Fundi, mwamuzi wa grupu, alipangusa uso na kutoa hukumu: hakuna kosa, ni matatizo ya mtandao.