Birika la Carlos

Djuma alikuwa mwendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mjini Kisangani, na kila asubuhi alimpeleka Nyota, muuza samaki wa chumvi waitwao makayabu, sokoni Makiso. Kiti cha nyuma alikishonea mto mwekundu kwa ajili yake. Alishaanza kutafuta watu wa kumpelekea posa kwao. Mambo yalikuwa yanakwenda, mpaka Carlos alipoleta balaa lake.

Huyu Carlos, mwenzake wa kituo kimoja, aliona kwenye simu vijana wa nchi za mbali wanaovaa kama watu wa enzi za mashine za mvuke. Naye akavaa kofia ndefu nyeusi na miwani ya kuchomelea vyuma. Baiskeli akaifunga mabomba ya shaba na magurudumu ya saa mbovu yasiyozungusha chochote. Mbele, juu ya kopo la makaa, akaweka birika la kufukiza mvuke. Birika! Mtu mzima anatembeza chai isiyo na majani, na watu wanagombania kupiga naye picha.

"Bon, yaya Djuma, leo ninapanda na Carlos," Nyota akasema, akimwita yaya kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Ya yeye iko na moshi!"

Ikawa leo, ikawa kesho. Djuma akashikwa na wivu. Mto mwekundu ukabaki kukaliwa na vumbi.

Hasidi hana sababu, wanasema. Djuma alikuwa nayo, tena ilivaa kitenge cha kijani na kuuza makayabu. Asubuhi moja Carlos alipokwenda kununua maandazi, Djuma akatumbukiza kipande kizima cha sabuni ndani ya birika. Alitaka Carlos aaibike mbele ya Nyota.

Carlos na Nyota walipofika sokoni, Djuma akiwafuata bila abiria, birika likachemka. Povu likafoka kwenye bomba, mapovu yakapaa juu ya meza za samaki. Watoto wakayakimbiza, akina mama wakapiga vigelegele, simu zikainuliwa. Carlos alishangaa kama wengine, lakini hakuwa mjinga. Akavua kofia, akainama.

"Iko invention yangu ya mupya!"

Djuma akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba sabuni ni yake? Wangemuuliza aliiweka kwa nia gani. Akaufunga.

Nyota, povu limemjaa nywele, akamgeukia kwa upole kabisa.

"Ungekuwaka na idée moya tu kama ile, yaya Djuma, mi ningekungojaka."