Directory yangu ya page table ilivyomfukuzisha Mutua chuo

Wakuu, niaje. Rafiki yangu alifukuzwa chuo kwa kosa lililokuwa langu. Nitalieleza lilivyokuwa, sina cha kujitetea.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na Mutua, mtoto wa mchonga vinyago wa Majengo, tuliandika kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, ya project ya mwisho kwetu Umoja, kwa kompyuta kuukuu ya 386 yenye RAM, yaani kumbukumbu, ya megabaiti nne.

Kernel huipa kila programu anwani za kubuni. Page table ndiyo husema kila anwani iko wapi hasa kwenye RAM. Table nzima ingekula megabaiti nne. Yaani kompyuta yote!

Ndiyo maana huwa ngazi mbili: directory juu inayoonyesha table ndogo ziko wapi, table ndogo chini, na table ndogo unaijenga ikihitajika tu.

"Kama landlord wa ghorofa za Pipeline, buda," Mutua alisema. "Anaongeza floor wapangaji wakifika."

Tukagawana. Directory mimi, table ndogo yeye. Kila mtu angepewa alama za sehemu yake. Mutua alikuwa anarudia mwaka. Akianguka tena, ni nyumbani.

Kwetu ilifanya kazi kila siku. Mbele ya walimu, kwenye mashine ya lab iliyotumika tangu asubuhi, ikajizima na kujiwasha. Mara tatu.

"Hii ni kernel ama swichi ya stima?" mwalimu akauliza. Watu wakacheka. "Imewafia kwa table ndogo. Ni za nani?"

"Ni zangu, sir," Mutua akasema. Aliamini hivyo. Hata mimi.

Nilipita. Yeye akaanguka, akafukuzwa, akarudi Majengo kwa patasi za babake.

Miaka miwili baadaye nikaifungua ile code. Sikuwa nimeifuta directory kabla ya kuitumia. Takataka za programu zilizotangulia zilibaki humo, kernel ikadhani table ndogo ipo tayari. Ni kama kusoma jina la mpangaji wa zamani mlangoni ukaamini bado yumo. Mashine yetu ilikuwa inawashwa ikiwa imepoa, RAM ikiwa haina takataka, kwa hivyo kosa halikuonekana.

Nilienda Majengo siku hiyo hiyo.

"Alihama, kijana. Hakusema wapi," babake akaniambia. "Alibeba nguo na zile karatasi za code yake. Kila jioni alikuwa anatafuta kosa."

Funzo: kagua sehemu yako kwanza, hata kama moto umewaka kwa jirani. Wakuu, nyinyi mngefanya nini? Na kama kuna anayemjua, aseme hapa.

Karatasi alizobeba ni za sehemu yake tu. Kosa halimo humo, na sijui kama ameacha kulitafuta.