Maneno Niliyomwambia Baba Jukwaani

Yule Mwingereza alipokuja Brussels mara ya kwanza, hakuna aliyemjua. Alikuwa mwandishi wa tamthilia, amenizidi umri kidogo tu, na tamthilia yake ya kwanza ilikuwa imekataliwa kwao. Akapata ukumbi mdogo Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa. Mchana mimi nilihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza kule Auderghem. Jioni niliigiza, kwa mapenzi tu. Akanipa nafasi ya mama mkimbizi. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika: mama anasema kwa lugha yake.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Chochote. Hakuna atakayeelewa."

Basi nikazungumza na baba yangu. Tulipokimbia vita kule Bukavu alibaki nyuma kidogo ili afunge nyumba, na hatukumwona tena. Nyumbani kwetu Koekelberg jambo hilo halikutajwa. Maman, mama yangu, alipika, alikwenda misa, alicheka na wageni, ila jina la baba halikumtoka kinywani. Pale jukwaani nikasema: "Papa, ulisema unafunga mulango, unatufuata. Ni mulango gani ule, wa kufunga miaka yote hii?"

Watu walilia bila kuelewa neno. Mwandishi alikaa nyuma na kinasa sauti. Nilidhani ni cha mazoezi.

Tamthilia ile ndiyo iliyomtoa. London wakaitaka, akapata tuzo, akaandika nyingine na nyingine. Mimi sikuitwa tena. Miaka mingi baadaye ikarudi Brussels, katika ukumbi mkubwa, na nafasi yangu akawa nayo msichana wa Nairobi. Nikampeleka Maman, aone kazi niliyowahi kuifanya. Yale maneno sikuyafikiria kabisa. Niliamini yaliishia kwangu.

Msichana akafungua kinywa. Yalikuwa yaleyale, hata mahali nilipokuwa nikivuta pumzi, ila kwa lafudhi ya Nairobi.

Maman akanishika mkono. "Huyu mutoto alimujulia papa yako wapi?"



Baada ya onyesho mwandishi alinikumbatia mlangoni. Nilipomwambia kwamba yule Papa wa maneno yale alikuwa baba yangu kweli, uso ukamshuka. Alidhani nilikuwa nimeyabuni maneno yale. Hata katika kitabu cha tamthilia aliyachapisha hivyo hivyo. Akaahidi kuweka jina langu.

"Jina silitaki. Yatoe."

Akayatoa. Siku hizi mahali pale mama mkimbizi ananyamaza tu, na nasikia watu wanausifu sana ukimya huo.

Nilidhani Maman atashukuru. Nilipomweleza jikoni, aliacha kuchambua mchele.

"Donc, kumbe kulikuwa pahali pamoja watu wanamuita papa yako, na wewe umewanyamazisha?"

"Maman, hata wewe hautajake jina yake."

"Mimi sina nguvu. Ule mutoto alikuwa nayo."

Pasaka iliyofuata alikwenda kula kwa dada yake, bila mimi. Miezi ikapita tukiongea mambo ya dawa na ya hali ya hewa. Halafu siku moja akaniambia tukamwombee baba misa. Tukaenda parokiani pamoja, amevaa kitenge chake kizuri. Padri akatukaribisha, akachukua kalamu, akauliza kwa upole: nia ya misa ni ya mtu aliye hai, au ya marehemu?

Maman alinitazama. Nami nilikuwa ninamtazama yeye.